Sura ya Nne: Kabati Lisilo na Kona

Filamu ya Soylent Green ilitoka Marekani mwaka 1973, lakini hadithi yake imewekwa New York ya mwaka 2022. Katika mji huo wa kubuni watu wamejazana hadi wanalala kwenye ngazi, chakula kimeadimika, na bomba la maji ya moto ni anasa ya wachache. Mwongozaji wake, Richard Fleischer, aliweka katika sebule ya tajiri mmoja kitu ambacho mtazamaji akikitupia jicho tu atajua mambo mawili: mwenye nyumba ana pesa, na miaka mingi imepita. Kitu chenyewe hakikutengenezwa kwa ajili ya filamu. Kilikuwa kikiuzwa tangu 1971, na wanunuzi wake walikuwa wafanyabiashara wa mashine za baa. Ni kabati jeupe, refu karibu sawa na mtu mzima, lililopinda na kujikunja kuanzia chini hadi juu bila kona hata moja. Juu lina kioo cheusi chenye nukta za nyota, na mbele limechomoza kibao chenye vitufe.

Mashine hiyo ni Computer Space, mchezo wa kwanza wa video duniani kutengenezwa kwa wingi na kuuzwa kwa biashara. Watu wengi wakiulizwa habari za mwanzo wa michezo ya video hutaja Pong. Computer Space uliitangulia Pong kwa mwaka mzima. Ulitangulia pia kukutana na swali linalomkabili kila anayeweka mashine ya sarafu mbele ya umma, awe mwenye baa California au mwenye duka Newala, kusini mwa Tanzania: mtu ambaye hajawahi kuona kitu cha namna hii atavutwaje akisogelee? Watengenezaji wake walijibu swali hilo kwa kabati. Kabati likafanikiwa kuliko mchezo uliokuwa ndani yake.

Mchezo wa wenye kompyuta

Mwaka 1962, katika chuo cha MIT huko Massachusetts, Steve Russell na wenzake walikamilisha programu waliyoiita Spacewar!. Wachezaji wawili waliendesha kila mmoja chombo chake cha anga, wakiikwepa nyota yenye mvutano katikati ya kioo huku wakirushiana makombora. Kompyuta iliyouendesha, PDP-1, iliuzwa dola 120,000 za wakati huo. Wanafunzi waliunakili mchezo huo na kuusambaza chuo hadi chuo, kila palipokuwa na kompyuta yenye kioo. Nje ya maabara hizo hakuna aliyeujua. Mfanyakazi wa kiwandani, dereva wa lori au mhudumu wa baa hakuwa na njia ya kuufikia.

Nolan Bushnell alizifahamu dunia zote mbili. Alizaliwa mwaka 1943 katika jimbo la Utah, na alipokuwa akisomea uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Utah alifanya kazi za msimu katika bustani ya burudani ya Lagoon. Kazi yake ilikuwa kusimamia michezo ya kulipia, ile ambayo mtu hutoa sarafu apewe mpira wa kuangushia chupa zilizopangwa. Kazi hiyo ni shule. Mpita njia huamua kutoa sarafu akiwa bado yuko mbali hatua kadhaa, kwa kile anachokiona na kukisikia, na akishapita harudi.

Mwaka 1969 Bushnell aliajiriwa na kampuni ya Ampex ya Redwood City, California, iliyotengeneza mitambo ya kurekodi sauti na picha. Aliketi ofisi moja na Ted Dabney, mhandisi aliyemzidi miaka sita, ambaye elektroniki alijifunza akiwa mwanajeshi wa kikosi cha Marine. Bushnell alimpeleka Dabney katika maabara ya Chuo Kikuu cha Stanford auone Spacewar! kwa macho yake. Wakakubaliana kuutafutia njia ya kuupeleka baa, mahali ambapo mtu hulipa robo dola na kucheza. Ubia wao wakauita Syzygy.

Mpango wa kwanza ulikuwa kununua kompyuta moja ndogo ya aina ya Nova na kuiunganisha na vioo kadhaa, ili wateja wengi wagawane gharama yake. Hesabu ilikataa. Kompyuta hiyo iligharimu maelfu ya dola, na kasi yake haikutosha kuhudumia vioo vingi kwa pamoja. Ikabidi watafute njia ya kuendesha mchezo wa kompyuta pasipokuwa na kompyuta.

Nukta inayotembea

Wasomaji waliokua na televisheni za zamani, zile zenye mgongo mkubwa, watakumbuka picha ilivyokuwa ikipanda au kuserereka kila kitufe cha nyuma kilipoguswa vibaya. Picha yenyewe haikuwa na kasoro. Kilichokosekana ni maafikiano kati ya mawimbi yanayoileta na mtambo unaoichora mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini. Bushnell alimuuliza Dabney kwa nini picha hutembea hivyo, na kama kutembea huko kunaweza kutawaliwa.

Dabney alijifungia katika chumba cha kulala cha binti yake, ambacho kwa maelezo yake mwenyewe kiligeuzwa karakana, akatoka na jibu. Alijenga sakiti yenye vihesabio viwili. Kimoja kinahesabu mistari ya televisheni kama kawaida. Cha pili kinaamua ni wakati gani nukta nyeupe iwashwe. Vihesabio vikienda sambamba, nukta inatulia mahali pamoja. Cha pili kikicheleweshwa kidogo, nukta inasogea upande mmoja; kikiwahishwa, inasogea upande wa pili. Hakuna programu, hakuna kumbukumbu, hakuna chipu inayofikiri. Ni nukta inayotembea kwa sababu saa mbili zimepishana kidogo.

Bushnell aliichukua sakiti hiyo akaipanua hadi ikawa mchezo. Ndani ya Computer Space kuna mbao tatu za sakiti zilizojaa chipu za kawaida, za aina iliyokuwa ikiuzwa dukani kwa mtu yeyote. Katika mojawapo kuna jambo la kupendeza. Umbo la roketi ya mchezaji limehifadhiwa kwa dayodi zilizochomelewa kwenye ubao, kila dayodi ikisimama badala ya nukta moja ya mwanga, na zimepangwa kwa kufuata umbo lenyewe. Fundi anayefungua mashine hiyo leo anaiona roketi kwa macho, imelala ubavu, imegeuka nusu, imegeuka zaidi, kabla hata hajawasha umeme. Dayodi ikifa, roketi inapungukiwa nukta moja kiooni, na fundi anajua pa kugusa.

Vitu vingine vilikuwa vya kuokoteza. Kioo kilikuwa televisheni ya General Electric ya inchi 15, isiyo ya rangi, iliyorekebishwa. Sarafu zilidondokea kwenye kopo tupu la dawa ya kuyeyushia rangi, kwa kuwa kopo lilikuwa na ukubwa uliofaa na bei yake ilikuwa karibu na bure.

Udongo, kisha faibaglasi

Mwaka 1971 Bushnell, kisha Dabney, walihamia Nutting Associates, kampuni ndogo ya Mountain View iliyokuwa ikiuza Computer Quiz, mashine ya kuuliza maswali. Mwenye kampuni, Bill Nutting, alikubali kuutengeneza mchezo mpya, na jina Computer Space likachukuliwa kwa kufuata lile la mashine iliyotangulia.

Kabati la mashine ya majaribio lilikuwa la kawaida: sanduku la mbao lenye pembe, kama mashine nyingine yoyote ya baa za wakati ule. Lingeweza kubaki hivyo. Wanunuzi wa mashine za baa walilizoea, maseremala walikuwapo, na mbao ni rahisi. Bushnell alikataa. Alichukua udongo wa kufinyangia, ule wa watoto, akafinyanga mezani kabati dogo la kukaa kiganjani. Akaliinamisha kichwa, akalibana kiuno, akalipanua chini ili lisimame imara, na kutokeza mbele kibao cha vitufe. Kisha akataka lijengwe hivyo hivyo kwa ukubwa wake kamili.

Mbao hazipindi namna hiyo. Akapatikana mtu aliyetengeneza mabeseni makubwa ya kuogea kwa faibaglasi, yaani nyuzi laini za kioo zinazolowekwa gundi ya plastiki na kutandazwa ndani ya kalibu. Kwa fundi wa mabeseni, umbo la mviringo ni kazi ya kila siku. Rangi ilichanganywa na chembe za metali, hivyo kabati likipigwa na taa linametameta. Yalitoka makabati mekundu, ya njano, ya buluu na meupe.

Mchongaji wa Kimakonde huanza na gogo la mpingo, akachukua tezo na patasi, akaondoa kile kisichotakiwa hadi sura aliyoikusudia ikabaki. Bushnell alikwenda kinyume, akaongeza udongo juu ya udongo. Lakini walichokitafuta ni kimoja, umbo linalomsimamisha mtu kabla hajaambiwa chochote juu yake. Mtu anayeingia baa anaona meza ya biliadi, anaona mashine ya muziki, anaona mashine ya mpira wa chuma, na vyote anavijua. Halafu anaona kitu chekundu kinachometameta, ambacho hakifanani na samani wala chombo chochote alichowahi kukiona. Hajui ni nini. Anakwenda kukitazama.

Kilichomsubiri kibaoni

Agosti 1971 mashine ya majaribio iliwekwa Dutch Goose, baa ya Menlo Park iliyo karibu na Stanford. Ilipendwa mno. Wateja wengi wa pale walikuwa wanafunzi, na baadhi yao walikuwa wameshauzoea Spacewar! maabara. Oktoba mwaka huo makabati ya faibaglasi yalionyeshwa Chicago katika maonyesho ya wafanyabiashara wa mashine za sarafu. Nutting aliagiza zitengenezwe mashine 1,500. Wanaoufuatilia mchezo huu wanakadiria kuwa kati ya 1,000 na 1,500 ziliuzwa. Kwa kitu ambacho hakikuwahi kuwapo, si haba. Kwa matumaini ya kampuni, zilikuwa chache.

Shida ilianza pale mtu aliposhafika mbele ya kabati. Vitufe vilikuwa vinne: kugeuza roketi kushoto, kuigeuza kulia, kuisukuma mbele, na kufyatua. Roketi haikusimama mchezaji alipoachia kitufe; iliendelea kuelea kule ilikokuwa ikielekea, kwa sheria za mwendo wa angani. Ili kuipunguza kasi ilibidi kuigeuza nyuma na kuisukuma tena. Kombora nalo lilifuata mgeuko wa roketi baada ya kufyatuliwa, hivyo mkono uliokuwa ukikwepa adui ulilazimika pia kuongoza kombora. Wakati huo huo visahani viwili vya anga vinashambulia, na muda wa mchezo una kikomo. Maelekezo yaliandikwa kwenye kabati, na yalikuwa marefu.

Mwanafunzi wa fizikia alifurahi. Mfanyakazi aliyetoka zamu, bia mkononi, alipoteza robo dola yake kabla hajaelewa kwa nini roketi haitii, akarudi kwenye biliadi. Bushnell mwenyewe alikiri baadaye kwamba mchezo ulikuwa mgumu mno kwa watu wa kawaida.

Mfano wa kulinganisha ulikuwapo jirani kabisa. Mwaka huo huo wa 1971 Bill Pitts na Hugh Tuck waliweka katika ukumbi wa wanafunzi wa Stanford mashine yao iliyoitwa Galaxy Game. Huo ulikuwa Spacewar! halisi, ukiendeshwa na kompyuta halisi ya PDP-11, kwa senti 10 mchezo mmoja. Toleo la pili liliwekwa mwaka 1972 ndani ya kabati la faibaglasi la buluu, likadumu pale hadi 1979. Wanafunzi walipanga foleni kwa miaka. Lakini vijana hao walitumia zaidi ya dola 60,000 kuujenga, pesa ambazo senti 10 haziwezi kurudisha. Pitts na Tuck walikuwa na mchezo kamili wasioweza kuuuza. Bushnell na Dabney walikuwa na mchezo uliopunguzwa ukauzika, wakaufungia ndani ya kabati lililoahidi zaidi ya kilichokuwamo.

Jibu lilikuja mwaka uliofuata. Bushnell na Dabney waliiacha Nutting, na Juni 1972 wakaandikisha kampuni yao. Jina Syzygy lilikuwa limeshachukuliwa na wengine California, wakachagua neno kutoka mchezo wa Go wa Mashariki ya Mbali, Atari. Mhandisi wao kijana, Allan Alcorn, alipewa zoezi la kutengeneza mchezo wa mpira wa meza, ulioitwa Pong: vibao viwili, nukta moja, na kitasa kimoja kwa kila mchezaji. Mashine ya majaribio iliwekwa Andy Capp's, baa ya Sunnyvale, ndani ya sanduku la mbao lisilo na urembo wowote. Baada ya muda mfupi mwenye baa alipiga simu kulalamika kwamba imeharibika. Alcorn alipoifungua alikuta sarafu zimejaa hadi zimezuia mtambo. Mashine zaidi ya 8,000 za Pong ziliuzwa.

Wapo wanaosoma kisa hiki na kuhitimisha kwamba kabati la Computer Space lilikuwa pambo tu, kwa kuwa sanduku la kawaida ndilo lililoshinda. Hitimisho hilo linasahau kilichotokea kabla. Kabla ya 1971 hapakuwa na mnunuzi wa mashine za baa aliyewahi kununua mchezo wa video. Kabati la faibaglasi ndilo lililowaambia kwamba hii ni bidhaa ya aina yake, yenye mahali pake ukumbini, na kwamba wanaweza kuhatarisha pesa juu yake. Pong ilipofika mlango ulikuwa umeshafunguliwa. Kabati lilitimiza wajibu wake wote, nao ni kumleta mtu mbele ya kioo. Kumfundisha kucheza hakukuwa ndani ya uwezo wake.

Njia ya kuja kusini

Computer Space ulipokuwa ukimetameta California, Tanzania ilikuwa imeshaijua kompyuta. Ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Matumizi yake katika hesabu za serikali yalileta hasara na mkanganyiko, na mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Amri hiyo ilitoka katika miaka ambayo fedha za kigeni zilikuwa za kuhesabu, na nchi ilipanga kuzitumia kwa mashine za viwandani, dawa na mafuta. Zuio lililegezwa hatua kwa hatua katika miaka iliyofuata.

Televisheni nayo ilichelewa. Zanzibar ilipata kituo chake katika miaka ya 1970, tena cha rangi, jambo lililokuwa la kwanza kusini mwa Sahara. Bara ilisubiri hadi 1994 ndipo vituo vya binafsi vikaanza kurusha matangazo. Kwa hiyo katika miaka yote ambayo kumbi za michezo ya sarafu zilichipuka Marekani, Ulaya na Japani, kule Masasi hapakuwa na kioo cha kuonyeshea mchezo, wala sakiti ya kuuendesha. Umeme wenyewe ulikuwa wa jenereta za dizeli, na vijiji vingi vya uwanda wa Makonde havikuwa nao kabisa. Mtwara ilipoanza kuzalisha umeme kwa gesi ya Mnazi Bay mwaka 2007, kizazi kizima cha makabati ya michezo duniani kilikuwa kimeshapita, mengi yakiwa yametupwa au yamekwenda makumbusho.

Michezo ya video ilikuja kusini ikiwa haina mwili. Ilikuja kama kisanduku cheusi cha PlayStation ndani ya begi la mfanyabiashara, pamoja na pedi mbili na waya. Kisanduku hicho kilibuniwa kwa ajili ya sebule ya familia. Hakina mahali pa kutumbukiza sarafu, hakina saa ya kumtoa mchezaji, hakina ngao dhidi ya vumbi jekundu la Newala wala mkono wa mwizi.

Vijana wenye mabanda ya gemu walikipa mwili. Tazama kazi ya seremala katika banda la kawaida, la aina inayopatikana Masasi mjini, Newala, na kwenye senta za njiani hadi vijiji vya Chilangala. Televisheni imeingizwa ndani ya sanduku la mbao lililopigiliwa ukutani, mbele pameachwa uwazi wa kioo peke yake, na pembeni pana komeo na kufuli. Mashine yenyewe imefungiwa rafu ya chini, na mbao zake zimetobolewa matundu ili joto litoke. Waya za pedi zinapita kwenye tundu moja, zikiwa fupi kiasi kwamba pedi haiwezi kufika mlangoni. Mbele kuna benchi la watu wawili, na nyuma yake benchi refu zaidi la wanaosubiri, ambao nao wanatazama, wanashangilia na kukosoa. Malipo ni kwa mechi au kwa dakika, na anayefungwa anampisha anayefuata.

Kila kipimo katika sanduku hilo kina sababu. Seremala aliyelijenga ametatua matatizo ambayo Nutting Associates ililipia wahandisi kuyatatua, na ametumia mbao, misumari na kufuli. Kitu kimoja tu hakukigusa, nacho ni sura ya nje. Banda la gemu halihitaji kumvuta asiyejua, kwa kuwa wateja wake wanakuja wakiwa wameshaujua mpira na majina ya wachezaji wa Simba, Yanga na Arsenal. Sanduku lao ni la ulinzi.

Dubwi na taa zake

Elimu ya kumvuta mpita njia ilikuja kwa mlango mwingine. Ni dubwi, mashine ya kubahatisha kutoka China ambayo katika miaka ya karibuni imeenea hadi kwenye maduka na vilabu vya vijijini. Madubwi yamebuniwa na watu wanaojua walichokitaka. Ni sanduku jembamba, lenye duara la taa zinazokimbizana juu ya picha za matunda, na muziki usionyamaza hata pasipo na mchezaji. Chini kuna sinia la bati, ili sarafu za ushindi zianguke kwa kishindo na mtaa mzima usikie. Kitufe ni cha kubonyeza tu. Hakuna cha kujifunza.

Ukiliweka dubwi kando ya Computer Space, unaona makosa ya 1971 yamesahihishwa yote, na lengo limegeuzwa. Mashine ya Bushnell ilimvuta mtu kwa umbo kisha ikamdai ujuzi. Aliyezidi kucheza alizidi kuwa hodari, na robo dola ilinunua mazoezi. Dubwi linamvuta mtu kwa taa kisha halimdai chochote isipokuwa sarafu nyingine. Aliyecheza mara mia hajui zaidi ya aliyecheza mara moja, kwa kuwa hesabu ya ushindi imepangwa ndani ya mashine. Ndiyo maana nchini Tanzania mashine hizi zinasimamiwa kwa sheria ya mwaka 2003 chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na mwenye umri chini ya miaka 18 haruhusiwi kuzicheza. Kenya ilichukua hatua kali zaidi mwaka 2018, pale serikali ilipozikusanya mashine za namna hii zilizokuwa zikiendeshwa bila leseni na kuzichoma moto.

Sheria ya umri ni ngumu kuisimamia mahali ambapo mashine imewekwa dukani, pale pale mtoto anapotumwa sukari. Kimo chake ni kimo cha mtoto wa darasa la tano. Taa zake ni za kumpendeza mtoto. Mbunifu akishachagua kimo, rangi na sauti, ameshachagua pia nani atasogea, na tangazo la karatasi lililobandikwa ubavuni halibadilishi uchaguzi huo. Wazazi na wenye maduka wa uwanda wa Makonde wana haki ya kulisema hili kwa sauti kubwa zaidi, hasa kuanzia Oktoba, pesa za korosho zinapoanza kuingia mifukoni.

Kabati linaloweza kujengwa Newala

Computer Space uliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Michezo ya Video, ulioko Rochester, New York, mwaka 2023. Makabati yaliyobaki yanatunzwa katika makumbusho na nyumba za wakusanyaji. Faibaglasi haiozi wala hailiwi na mchwa, kwa hiyo mengi yanang'aa kama siku yalipotoka kiwandani, ilhali televisheni za ndani zimekufa na mbao za sakiti zinafufuliwa chipu kwa chipu.

Ugumu uliowasumbua Bushnell na Dabney haupo tena. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, inayouzwa tangu 2012 na yenye ukubwa wa kadi ya benki, ina nguvu kuliko zote zilizotajwa katika sura hii zikijumlishwa. Kioo bapa kinapatikana Masasi mjini. Seremala anayejua kufungia televisheni ukutani yupo. Mchongaji anayejua kuupa mti sura ya kumsimamisha mtu yupo pia, na kusini ndiko ufundi huo ulikotoka kabla haujahamia Mwenge, Dar es Salaam.

Mchezo wa kuingiza ndani nao upo. Bao lina mashimo 32 na kete 64, lina nyumba, lina namua na mtaji, na kanuni zake zimeshajaribiwa kwa vizazi na wazee wasiovumilia mchezo mbovu. Wachezaji wake hawahitaji maelekezo marefu kubandikwa ubavuni. Vijana wasiolijua wanahitaji tu sababu ya kulisogelea, na hiyo ni kazi ya kabati: liwe na kimo cha mtu mzima, kibao cha mashimo kilicholala usawa wa kiuno ili wawili wakabiliane, kioo kilichoinama kukwepa jua la mchana, na ubavu uliochongwa na mkono unaojua kuchonga.

Mahali pa kulijaribu ni ghala la chama cha msingi siku ya mnada wa korosho, ambako mamia ya wakulima, wazee kwa vijana, hukaa saa nyingi wakisubiri bei itangazwe. Fundi aliweke kabati lake pembeni, asimame mbali, asimwite mtu. Ahesabu wangapi wameondoka kivulini kwenda kulitazama, kisha ahesabu wangapi kati yao wamecheza mara ya pili. Hesabu ya kwanza itampa majibu ya kabati, ya pili itampa majibu ya mchezo, na zote mbili atahitaji kuwa nazo kabla hajapasua mbao za kabati la pili.